Kanda ya Darini

Miaka ya tisini mjini Burlington, jimbo la Vermont, mtu wa pwani aliyechoshwa na theluji alikuwa na mahali pamoja tu pa kukimbilia: popote walipokuwa wakipiga Lambsbread. Ilikuwa bendi ya rege. Mbele, kwenye besi na sauti, alisimama Bobby Hackney. Nyuma, kwenye dramu, alikaa ndugu yake Dannis. Walikuwa watu wa Detroit waliohamia huku juu karibu na mpaka wa Kanada. Mimi nami niliwahi kuwa mpiga besi kabla maisha hayajanifanya mpishi, kwa hiyo macho yangu yalikuwa kwa Bobby. Ningependa kukwambia kwamba niliona kitu, kwamba vidole vyake vilitoa siri. Sikuona chochote. Niliona mpiga rege hodari anayejua wapi pa kunyamaza, nikacheza, nikatoka jasho, nikarudi nyumbani.

Machi 2009 gazeti la New York Times likatangaza kwamba wale wazee wetu wa rege walikuwa wamepiga panki kabla panki haijapata jina.

Wengi mnaosoma hapa mnaijua panki kwa sura tu: nywele zilizosimama kama za jogoo, pini kwenye sikio, vijana wa Kizungu wanarukiana. Muziki wenyewe ni mwepesi kueleza. Nyimbo fupi, mwendo wa kasi, gita limekorogwa mpaka linakwaruza, na hakuna solo ndefu ya kujionyesha. Vitabu huanzia New York na albamu ya kwanza ya Ramones, Aprili 1976, kisha huvuka bahari hadi London kwa Sex Pistols. Ila 1975, ndani ya studio ya United Sound mjini Detroit, ndugu watatu weusi, watoto wa mchungaji wa Kibaptisti, walikwisha kurekodi nyimbo saba za namna hiyohiyo. Bendi yao iliitwa Death.

Naam, Death. Mauti. Hebu fikiria vijana wa Mombasa wajiite Mauti Band halafu waombe kazi ya harusi.

Jina lilikuwa la David, kaka yao Bobby na Dannis, mpiga gita na mwenye fikra zote. Walianza 1971 wakipiga fanki, kama alivyotarajiwa kufanya kijana yeyote mweusi katika mji wa Motown. Halafu David akaiona bendi ya roki ya The Who jukwaani, na tangu siku hiyo hakutaka tena fanki. Walifanyia mazoezi chumbani, nyumbani kwa mama yao, kwa ruhusa yake, huku majirani wakilalamika: kwanza kelele, pili kelele za Wazungu. Baba yao alipokufa ajalini, akigongwa na dereva mlevi, David akalichukua lile neno ambalo lilikuwa limeingia nyumbani kwao bila hodi, akaligeuza kuwa jina la bendi. Kwake kifo kilikuwa safari ya kwenda mahali, na alitaka kukisema bila hofu.

Kampuni ya Columbia ilivutiwa na nyimbo zile. Ilikuwa na sharti moja: badilisheni jina. David akakataa. Mkataba ukayeyuka. Wakabaki na kanda zao, na 1976 wakajichapishia wenyewe santuri ndogo, nakala 500, upande mmoja wimbo wa kuwasema wanasiasa. Redio hazikuishughulikia. Mwaka uliofuata wakahamia Burlington.

Nilipofika hapo kwenye makala ya gazeti lile niliiweka chini, kwa sababu ile habari ya sharti naijua kwa jina na kwa sura.

Bendi yetu ilikuwa ya vijana wa Kisauni, mwanzoni mwa miaka ya themanini, na mkate wetu ulitoka katika hoteli moja ya ufukweni, kaskazini mwa Mombasa. Tulipiga kopi: nyimbo za kukaribisha wageni, Malaika kila usiku, chakacha kidogo ili wageni wajaribu kutingisha viuno, kisha vibao viwili vitatu vya Kizungu wakati wa kahawa. Nyimbo zetu wenyewe tulizipiga mwisho, wageni wakishakwenda kulala na waliobaki ni wahudumu wanaokusanya glasi. Siku moja meneja akaleta vitambaa vya madoadoa ya chui. Tuvae hivyo, tena vifua wazi, maana wageni wamekuja kuona Afrika.

Mpiga solo wetu alikivua kile kitambaa shingoni alipokuwa amewekewa, akakikunja vizuri kama mtu anayekunja shuka, akamrudishia.

"Bwana, mvishe mbwa wako wa getini. Yeye ndiye mnyama hapa."

Usiku huohuo akalibeba gita lake akaondoka kwa matatu. Sisi wengine tulivaa. Nilikuwa na kodi ya nyumba na mama mgonjwa, na mpaka leo sioni haya kusema kwamba ningevaa tena. Watu wanaopenda hadithi za wasanii wasiokubali kununuliwa huwa hawaulizi nani alilipa kodi mwezi ule. Lakini nilichojifunza ni hiki: bendi inaweza kubaki na vyombo vyote na watu karibu wote, na isiwe bendi tena. Tuliendelea msimu mmoja, kisha kila mmoja akashika njia yake. Njia yangu ilinifikisha kwenye theluji.

Kwa hiyo sikumwona David Hackney kama shujaa tu, wala kama mkaidi aliyewanyima nduguze riziki. Alikuwa vyote viwili, na nduguze walijua. Walimfuata. Huko Vermont waliposhindwa kubandika matangazo yenye neno Death bila kuulizwa maswali, wakajiita The 4th Movement, wakatoa albamu mbili za roki ya kumtukuza Mungu, 1980 na 1982, hazikufika popote. David akarudi Detroit. Bobby na Dannis walikuwa na familia sasa. Walibaki, wakaanzisha ile bendi ya rege niliyoijua. David hakuacha kuwasihi warudi kwenye kazi yao ya kwanza. Alikufa mwaka 2000 kwa saratani ya mapafu.

Kabla ya kufa alimkabidhi Bobby kanda za asili. Nduguze wanasimulia kwamba aliwaambia siku moja ulimwengu utakuja kuzitafuta, kwa hiyo wazitunze. Bobby akazipandisha darini, nyumbani kwake Vermont, zikakaa. Watoto wake wakakua chini ya dari hiyo, wakapenda panki, wakaanzisha bendi zao, na hakuna aliyewaambia kitu. Kumbuka hilo. Mzee hakuwa na siri ya aibu. Alikuwa tu amechoka kusimulia jambo lililoshindikana. Ninao wajomba wa namna hiyo, nawe bila shaka unao.

Waliolifukua walikuwa wageni kabisa, wakusanyaji wa santuri kuukuu ambao walikuwa wakiuziana nakala moja ya ile santuri ndogo kwa mamia ya dola. Wimbo ukaingia kwenye intaneti, ukapigwa kwenye karamu za vijana. Mwaka 2008 Julian, mmoja wa wana wa Bobby, akausikia mbali na nyumbani na kuitambua sauti ya baba yake. Wana wale wakaunda bendi ya kupiga nyimbo za Death, wakaiita Rough Francis, jina ambalo ami yao David alilitumia katika kazi zake za peke yake. Kanda zikashushwa darini. Kampuni ya Drag City ya Chicago ikazitoa zile nyimbo saba mwaka 2009, na jina la bendi kwenye jalada lilikuwa lilelile ambalo David alikataa kulibadilisha: Death.

Halafu ikabidi wapige.

Hapa ndipo watu hudhani ni rahisi. Mnatafutana, mnachukua vyombo, mnahesabu moja mbili tatu. Bobby na Dannis walikuwa wamepita miaka hamsini, na kwa zaidi ya robo karne mikono yao ilikuwa imezoea rege, muziki unaokaa nyuma ya pigo, wakati panki hulisukuma pigo kwa mbele. Zaidi ya hayo, gita lilikuwa la marehemu. Wakamchukua Bobbie Duncan, mpiga gita waliyekuwa naye Lambsbread. Naona hiyo ndiyo akili kubwa kuliko zote walizotumia. Wangeweza kumtafuta kijana hodari wa panki anayejua kila noti ya David. Wakachagua mtu wa nyumbani, aliyekula nao, aliyejua maana ya ule ukimya wanapotajiwa kaka yao.

Niliwaona baadaye, katika ukumbi uliojaa vijana ambao wengi wao walikuwa hawajazaliwa wakati ule niliokuwa nikicheza rege yao. Nilisimama ukutani kwa sababu ya magoti. Dannis alianza, na ile kasi ilinitisha kidogo kwa niaba yake; nilidhani atachoka wimbo wa pili. Hakuchoka. Nikamtazama Bobby kama zamani: mkono wa kulia sasa ulikuwa ukipiga nyuzi kwa nguvu, mfululizo, kama mtu anayebisha mlango. Zile nafasi kati ya noti zilikuwa zimefungwa zote. Kijana mmoja jirani yangu, mwenye tatuu hadi shingoni, aliimba kila neno. Nikawaza kwamba kwa hesabu za kawaida hii haikuwa bendi inayorudi. Bendi hurudi mahali ilipokuwa. Hawa mashabiki hawakuwako 1975. Hawa ndugu walikuwa wanapiga uzinduzi uliochelewa miaka 34.

Sex Pistols walirudi kwa njia tofauti. Waliachana Januari 1978 huko San Francisco, mpiga besi wao Sid Vicious akafa mwaka uliofuata akiwa na miaka 21, kisha 1996 wale wanne wa mwanzo wakaungana na kuzunguka dunia katika ziara waliyoiita Filthy Lucre, mapato ya aibu. Walisema peupe kwamba wanachofuata ni pesa. Wengi waliudhika, hasa waliokuwa wamenunua tiketi. Mimi niliwaheshimu. Mwanamuziki wa miaka arobaini anayesema anataka kulipwa anasema kweli kuliko yule anayepanda jukwaani akidai ni kwa ajili ya mapenzi ya mashabiki. Orchestra Baobab wa Senegal, waliovunjika 1987, walirudi 2001 kwa sababu rekodi zao za zamani zilikuwa zimepata wasikilizaji wapya Ulaya, na mwaka uliofuata wakatoa albamu nzuri mno. Walilipwa pia. Sanaa haikudhurika.

Kwetu bendi hukutana msibani. Hilo limenikera miaka mingi. Mpiga tumba anakufa, wenzake wanatoka Kisumu, Tanga, Arusha, wanakaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, wanacheka hadi machozi kwa visa vya safari za zamani, mtu anasema lazima tukutane tupige hata mara moja, wote wanaitikia. Wanakutana tena akifa mwingine.

Sisi nasi tuliitwa na msiba, ingawa kwa kuchelewa. Mpiga dramu wetu alikuwa amefariki tayari. Binti yake alikuwa anaolewa, mwaka 2016, na shemeji, mjane wake, akanipigia simu Vermont. Hakubembeleza. Alisema binti hajawahi kumsikia baba yake akipiga, maana alizaliwa bendi ishavunjika, kwa hiyo mje mpige zile zenu, si zile za hotelini. Nikapiga simu kwa wengine. Yule mpiga solo, aliyekuwa hajazungumza nami vizuri tangu siku ya vitambaa, alisikiliza hadi mwisho.

"Malipo kiasi gani?"

"Kaka, ni harusi ya mtoto wa marehemu."

"Nimekusikia. Malipo kiasi gani?"

Tukakubaliana kiasi. Tulifanyia mazoezi katika gereji moja Bombolulu, saa ambazo mafundi wamefunga, vikuza sauti tumeviegemeza kwenye matairi. Kitu cha kwanza kilichotushinda ni sauti. Mwimbaji wetu, ambaye zamani alipanda juu bila kukunja uso, sasa alifika katikati ya ngazi akakohoa. Tukashusha kii, mara ya kwanza, mara ya pili. Kila ukishusha kii wimbo unabadilika rangi. Besi inaanza kunguruma chini na gita linapoteza ule ukali. Nilidhani hilo ndilo tatizo letu kubwa.

Kumbe tatizo kubwa lilikuwa kwamba hatukuzijua nyimbo zetu. Kila mmoja alikuwa na hakika, na kila hakika ilikuwa tofauti. Mimi niliapa kwamba wimbo wetu mkubwa ulianza na besi. Mpiga rizimu aliapa ulianza na yeye. Kanda ya asili tuliirekodi katika studio moja mjini. Mwenye studio alifunga biashara na kanda ikapotelea huko, hatukuwa na risiti wala nakala. Hapo shemeji akatoa kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na kaseti moja, imeandikwa kwa kalamu ya bluu mwandiko wa marehemu.

Utepe ulikuwa na ukungu mweupe kwenye kingo. Tuliuzungusha taratibu kwa kalamu ya Biki, kama tulivyofanya utotoni, tukiupangusa kwa kitambaa kikavu, mtu mmoja akimulika kwa tochi ya simu. Upande wa pili ulikuwa umegandamana, hatukuugusa. Upande wa kwanza ukakubali. Ukaanza. Wala si besi wala si rizimu. Ulianza na dramu, pigo la ngoma ndogo, na sote tukatazamana, kwa sababu sisi tuliobaki hai tulikuwa tumemfuta mwenzetu kwenye mwanzo wa wimbo wake mwenyewe.

Na ulikuwa wa kasi! Sote tulikuwa tunaupiga pole pole, kwa heshima, kama wimbo wa ibada. Kaseti ilitukemea. Vijana wale walikuwa na haraka, walitaka kumaliza kabla meneja hajazima taa. Tangu siku hiyo siamini kumbukumbu ya mwanamuziki mzee kuhusu mwendo, kuanzia na yangu. Kumbukumbu hupunguza mwendo wa kila kitu. Nadhani ndiyo sababu bendi nyingi zinazorudi husikika zimechoka hata wakiwa na afya: wanapiga wanachokumbuka, si walichopiga.

Nafasi ya dramu tulimpa kijana wa kwaya ya kanisa la jirani, mtaratibu sana, mwenye kusikiliza. Siku ya pili akanivuta pembeni. "Mzee, kwenye kipande hiki marehemu anakosea. Anaruka pigo moja. Nipige sawasawa au nimfuate?" Ubishi ukawaka gerejini. Mwimbaji alitaka isahihishwe. Mimi sikuwa na jibu. Mpiga solo, aliyekuwa amekaa juu ya tairi akifunga uzi mpya, hakuinua kichwa: "Mfuate." Basi usiku wa harusi kipande kile kilipofika, bendi nzima ikajikwaa mahali palepale ilipojikwaa zamani, na shemeji, aliyekuwa meza ya mbele, akapiga kelele kabla ya mtu mwingine yeyote kujua kilichotokea.

Mpiga solo alilipwa kwanza, taslimu, kama alivyotaka. Alizihesabu noti mbele ya mlipaji, akashukuru, akapanda jukwaani, akamtuza bibi harusi noti zilezile. Nilimuuliza kwa nini asingekuja bure basi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto: "Aliyekuja bure ni mgeni. Mimi nilikuja kazini."

Death walitoa albamu yao mpya, N.E.W., mwaka 2015, na kabla ya hapo, 2012, filamu juu yao, A Band Called Death, ilizunguka duniani. Itazame ukiipata. Watu wengi huimaliza wakimsifu David kwa kuuona wakati ujao. Mimi namsifu pia Bobby kwa jambo dogo zaidi: alihama, alilea, alibadili muziki, na hakulitupa lile boksi. Ukaidi wa David bila dari ya Bobby ungekuwa hadithi ya jikoni Detroit.

Ndiyo maana nawaomba nyinyi wenye wazee waliowahi kupiga, kwenye bendi kubwa au ya mtaani, Ngara, Ilala, Makadara, Bujumbura, Lubumbashi: waulizeni wiki hii kanda ziko wapi. Usingoje wapate umaarufu, wala usingoje turubai. Ukizipata, andika majina ya waliopiga na nani alipiga nini wakati bado yuko wa kukutajia. Usizicheze kwenye redio kaseti ya zamani yenye kichwa kichafu, zitaharibika. Mtafute fundi mwenye mashine nzima azinakili kwenye kompyuta, uweke nakala nyumba mbili tofauti. Dari ya Vermont ni kavu na baridi kwa sehemu kubwa ya mwaka, na kanda za David zilikaa huko salama. Kopo la biskuti Mombasa, kwa unyevu wetu, lilitunusurishia upande mmoja.